Konokono, panya na kile kipakiti: jibu kwa dada wa Madale

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Madale, Dar es Salaam. Nyuma ya nyumba nina matuta sita ya mchicha, chainizi, figiri na bamia kidogo. Tangu masika yaanze, konokono wanakula usiku kucha na asubuhi nakuta vijiti vitupu. Panya nao wameniingilia kwenye viazi vitamu na bandani kwa kuku. Jirani amenipatia kipakiti cha sumu kutoka kwa wale vijana wanaopita na spika, anasema nichanganye na dagaa. Ila nina mbwa wa miaka mitatu, paka aliyezaa juzi na kuku wanane. Kuna na bundi kwenye mwembe, mume wangu anataka tuukate mti. Wiki iliyopita nimeona nyoka kwenye rundo la matofali. Nifanyeje niokoe mboga zangu bila kuua wanyama wangu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujakifungua. Mimi ni daktari wa mifugo, na simu ninazopigiwa kuhusu vipakiti hivyo karibu zote huja saa mbili tatu baadaye, mtu analia na mbwa amelala ubavu.

Kwa hiyo konokono wasubiri kidogo, tuanze na kipakiti. Kiko wapi sasa hivi? Kama kiko kwenye kabati la jikoni au juu ya banda la kuku, kitoe. Kitie kama kilivyo ndani ya kopo lenye mfuniko, lile la maziwa ya unga linafaa, lizungushie selotepu, andika SUMU kwa herufi kubwa, kisha lifungie mahali ambapo mtoto hafiki wala mnyama hafiki. Kesho au keshokutwa mpelekee afisa kilimo wa kata yenu, akuelekeze namna ya kukiondoa salama. Usikimwage chooni, usikitupe jalalani ambako mbwa wa mtaa wanachakura, na usikichome moto maana moshi wake nao ni sumu.

Ninachokichukia zaidi kwenye kipakiti kile ni kwamba hakina jina. Kiuatilifu kilichosajiliwa Tanzania kina lebo: kiambato chake, kipimo, tahadhari, namba ya usajili kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA. Kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa fundo hakina hata kimoja cha hivyo. Ndani yake panaweza kuwa na dawa ya mashambani iliyopimwa kwa kijiko na kugawanywa, na ukiniletea mbwa anayetapatapa pamoja na kifuko cha namna hiyo, natibu kwa kusoma dalili tu huku dakika zinakwenda.

Niliwahi kuletewa mbwa jike Jumapili moja, mvua ikinyesha. Mwenye nyumba alikuwa amempakata, shati lake limelowa udenda wa mbwa kuanzia kifuani hadi kiunoni. Nilipomfunua mbwa macho, mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya kalamu. Misuli ya mapaja ilikuwa ikicheza yenyewe chini ya ngozi, kama kuna kitu kinatembea mle ndani. Alikuwa amekula dagaa watatu waliowekwa juu ya kigae nyuma ya stoo, kwa ajili ya panya. Tulimchoma atropini, dawa ya kupambana na sumu ya namna hiyo, tukamrudia, tukamrudia tena. Alikufa jioni. Kesho yake yule bwana akanipigia: kuku wake wawili walikuwa wamedonoa matapishi ya mbwa pale uani, nao wamekufa. Panya hakuonekana hata mmoja.

Dagaa, dada yangu, ni chakula cha kila mtu katika uwanja wako. Paka anaijua harufu yake kutoka chumba cha pili.

Sumu utakazokutana nazo ni za aina tatu kubwa, na ni vizuri uzitofautishe kwa sababu kila moja inaua kwa njia yake.

Ya kwanza ndiyo hiyo niliyoisimulia, inayoshika mishipa ya fahamu. Hizi ni dawa za wadudu za jamii ya kabameti na oganofosfeti, na ndizo mara nyingi huishia kwenye vipakiti visivyo na jina. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa chache: udenda, machozi, kuharisha, kujikojolea, kutetemeka, kukosa pumzi.

Ya pili ni ile inayozuia damu kuganda, yenye viambato kama brodifakumu na bromadioloni. Mara nyingi huuzwa madukani kihalali, kwenye boksi, kama vidonge vya rangi au ngano iliyopakwa rangi. Watu huiona ya kistaarabu kwa sababu panya hafi palepale. Mimi ndiyo inayonisumbua zaidi kwa mwenye paka. Panya aliyeila huendelea kutembea siku tatu, nne, tano, kila siku analegea zaidi, anatoka mchana, hakimbii. Panya wa hivyo ndiye paka wako atakayemkamata wa kwanza, na ndiye bundi atakayemwona wa kwanza. Sumu imo bado kwenye ini lake. Mbwa aliyekula sumu hii anaweza kuonekana mzima kabisa kwa siku kadhaa, kisha ghafla fizi zinapauka, anahema, damu inatoka puani au kinyesi kinakuwa cheusi kama lami. Akiwahi, anatibika: vitamini K1, kila siku, kwa wiki tatu mpaka nne. Tafadhali usidanganywe na ile vitamini K iliyochanganywa kwenye dawa za maji za kuku. Hiyo ni aina nyingine na kazi hii haiiwezi.

Ya tatu ni chambo za konokono, chembe za bluu au kijani zenye metaldehaidi. Hutengenezwa kwa pumba ili konokono azipende, na mbwa naye huzipenda kwa sababu hiyohiyo. Mbwa hutetemeka, joto la mwili linapanda vibaya, anapata degedege. Uingereza walipiga marufuku kuitumia nje kwenye bustani na mashamba kuanzia mwisho wa Machi 2022, kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama wengine. Kwenye bustani ya nyumbani yenye mbwa na kuku, mimi siioni nafasi yake.

Ikitokea, Mungu apishie mbali, mbwa au paka amekula kitu, mwanzo wa yote ni kumpigia simu daktari na kuondoka nyumbani. Usimnyweshe maziwa, usimnyweshe mafuta ya kula, usimpe mayai mabichi. Najua hayo ndiyo tuliyokua tukiyaona, lakini mafuta yanaweza kuharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini, na mnyama anayetetemeka akinyweshwa kitu kinaingia kwenye mapafu. Usimtapishe kwa maji ya chumvi. Chumvi nyingi peke yake inatosha kumuua. Akiwa amepata joto kali, mfunike kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida njiani. Beba na kilichobaki: kipakiti, chembe, hata matapishi kwenye mfuko. Vaa mifuko ya nailoni mikononi unapomshika, na kuku wafungie wasifike pale alipotapika.

Sasa konokono.

Yule mkubwa wa kahawia mwenye mistari unayemkuta kwenye mchicha ni mwenyeji wetu. Asili yake ni pwani hii ya Afrika Mashariki, na kutoka huku binadamu wamemsambaza Asia, visiwa vya Pasifiki, mpaka Florida huko Marekani ambako serikali imetumia miaka kumwondoa. Nasema hivi ili ujue kwamba huwezi kummaliza, na huna haja. Unachohitaji ni kumpunguza kuliko kasi yake ya kuzaa. Kasi yenyewe si ndogo: hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, wakati mwingine hata 400, meupe yenye unjano kidogo, madogo kuliko punje ya mbaazi, yamefukiwa kwenye udongo laini.

Kubadilisha saa ya kumwagilia ndiyo silaha yako kubwa, na ni bure. Wengi humwagilia jioni wakitoka kazini, na konokono anatoka usiku. Maana yake umemtandikia zulia lililolowa. Mwagilia alfajiri, maji kidogo kwenye shina, ili ikifika magharibi uso wa tuta uwe umekauka. Masika yakikolea hili halitasaidia sana kwa sababu mbingu zenyewe zinamwagilia, lakini kuanzia Juni utaona tofauti.

Pili, waokote. Najua inachosha kusikia hivyo. Nimefanya mwenyewe kwenye bustani yangu, na nakueleza jinsi inavyokwenda. Jioni, kabla jua halijazama, lowesha magunia mawili matatu ya zamani, uyatandaze kati ya matuta, na chini yake uweke maganda ya papai. Saa tatu usiku toka na tochi na ndoo, vaa glavu. Usimulike majani ya juu; inama umulike kwa ubavu, chini, usawa wa udongo. Utaona ule ute unang'aa kama mstari wa selotepu, ufuate, utakupeleka kwake. Kagua na mguu wa ukuta, upande wa chini wa vyungu, na mahali bomba linapovuja. Asubuhi funua magunia, utakuta wengine wamejikusanya wenyewe kwenye papai. Fanya usiku tano mfululizo, kisha mara mbili kwa wiki. Huo usiku wa kwanza utajaza ndoo. Ikifika wiki ya tatu utakuwa unatafuta.

Uliowakusanya watumbukize kwenye maji yanayochemka, wafe mara moja. Baada ya kuchemka vizuri, nyama yake unaweza kuikatakata ukawapa kuku, na magamba yaliyopondwapondwa yanawapa kalsiamu. Wabichi usiwape kuku wala mbwa, kwa sababu konokono hubeba minyoo, na wewe mwenyewe nawa kwa sabuni. Magamba matupu usiyaache yamelala kichwa chini bustanini. Yanashika maji ya mvua na mbu huzaliana humo. Na chumvi usimwage kwenye matuta. Itaua konokono kumi na kuharibu udongo wa msimu mzima.

Majivu watu hunisifia sana. Yanafanya kazi yakiwa makavu, mstari mpana wa kiganja kuzunguka kitalu cha miche. Yakinyeshewa, hamna kitu, uanze upya. Yatumie kwa miche michanga tu.

Ukiwa na nafasi ya kufuga bata wawili, wafuge. Bata hula konokono wadogo na mayai yao kwa bidii ambayo kuku hana. Waingize tuta likishavunwa, kabla hujapanda tena, wakae siku tatu wakichakura. Ukiwaingiza kwenye mchicha mchanga watakula na mchicha.

Una wasaidizi wengine ambao pengine unawafukuza. Chura yule wa nchi kavu, mwenye ngozi ya vipele, hula wadudu usiku kucha, na konokono wachanga na wale wasio na gamba. Muwekee chungu kilichovunjika, kifudifudi, kwenye kivuli. Mbwa akimbana mdomoni atatoka povu na kutikisa kichwa kwa sababu chura ana ute mkali nyuma ya macho. Mfute fizi kwa kitambaa chenye maji, umsafishe mdomo maji yakiingia kwa pembeni huku kichwa kimeinama, asiyameze. Mbwa wengi hujifunza kwa mara moja. Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba anayejiviringisha, naye ni mla wadudu na konokono. Ukimwona, mwache apite. Kinyonga vilevile. Hana sumu, haumi mtu wa kuumia, na kila nzi anayemnasa ni nzi asiyetaga kwenye bamia zako. Nasikitika kila ninapoona watoto wamemponda kwa mawe. Na wale sisimizi wa maji moto wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota, wanaouma kwelikweli, ni walinzi wa mti: huku pwani na Zanzibar watafiti wamewaona wakilinda minazi dhidi ya wadudu wanaonyonya na kudondosha nazi changa. Waache juu ya mwembe, ila kata tawi linalogusa paa ili wasiingie ndani.

Vidukari kwenye bamia, ukiwaona, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita tano za maji, chuja, tia sabuni ya maji kidogo, nyunyiza jioni. Konokono haimtishi hiyo.

Tuje kwa panya, maana kwa afya ya nyumba yako ndiye mkubwa. Mwezi Julai 2022 huko Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana, watatu wakafariki. Wizara ya Afya ilipopima ikakuta ni homa ya mgunda. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwamo, hukaa kwenye udongo wenye unyevu na maji yaliyotuama, na huingia mwilini kupitia michubuko. Kwa hiyo mtu anayelima bustani yenye panya avae buti na glavu, afunge kidonda, na mboga azioshe kwa maji mengi yanayotiririka. Mbwa wako pia huipata. Siku ukimpeleka kwenye chanjo, uliza kama chanjo yake ina kinga ya ugonjwa huo.

Panya yuko kwako kwa sababu ya chakula, na nina uhakika wa karibu wote kwamba chakula chenyewe ni cha kuku. Saa kumi na mbili jioni ondoa vyombo vyote vya chakula bandani. Pumba na mashudu yakae kwenye pipa la bati au plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana, siyo kwenye gunia. Mayai yaokote kabla ya giza. Chini ya banda tandika wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita moja, ukunje na kufukia kingo zake chini ya udongo futi moja. Mashimo ya ukutani ziba kwa saruji. Dogo lizibe kwa waya wa kusugulia sufuria kisha saruji juu. Viazi vitamu vilivyokomaa vivune, usiviache ardhini kama ghala.

Hapo ndipo mitego inafanya kazi, kwa sababu panya sasa ana njaa. Nunua mitego ya kubana, siyo mmoja, sita. Iweke ndani ya maboksi ya mbao yenye tundu la kupita panya tu, yaani paka na kuku hawawezi kuingiza kichwa wala mguu. Egesha boksi ukutani, kwa kuwa panya hupita kando ya ukuta na si katikati ya uwanja. Sasa siri yenyewe: usiku tatu za mwanzo weka karanga zilizosagwa kwenye mtego bila kuutega. Panya ni mwoga wa kitu kigeni. Mwache ale, azoee, awaambie na wenzake. Usiku wa nne tega yote sita kwa pamoja. Anayetega mtego mmoja usiku wa kwanza hupata panya mmoja mjinga, na wenye akili wanabaki.

Ile gundi ya kunasia panya usiitumie nje. Hunasa mijusi, ndege, na kwako wewe mwenye paka mchanga nisingeilaza hata ndani.

Nisiwaonee panya wote, maana pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ukimkuta panya mkubwa mwenye mkia wenye ncha nyeupe, huyo ndiye ndugu yake.

Na sasa bundi. Hapa naomba nimsemeshe shemeji moja kwa moja. Shemeji, naelewa. Hata mimi nimekuzwa na bibi aliyekuwa akitupa kijinga cha moto uani bundi akilia. Lakini fanya jambo moja kabla ya kushika panga. Nenda asubuhi chini ya ule mwembe, tafuta kwenye majani makavu vidonge vya kijivu, virefu kama kidole gumba, vimekaa kama sufi iliyoshikana. Siyo kinyesi. Bundi humeza panya mzima, na kile tumbo lisichoweza kusaga hukitapika. Chukua kimoja, kiloweke kwenye kisahani cha maji nusu saa, kichambue kwa vijiti viwili vya kuchokolea meno. Utatoa manyoya, halafu mifupa myembamba kama sindano, halafu fuvu dogo lenye meno mawili ya mbele ya rangi ya chungwa. Meno ya chungwa ni ya panya. Mara nyingi kidonge kimoja kina mafuvu mawili au matatu. Hesabu vidonge vilivyolala pale chini, ndipo uamue kama mti huo ukatwe. Waite na watoto waone.

Ndiyo maana ile sumu ya kuzuia damu inaniuma. Ukiwalisha panya, unamlisha bundi, na bundi akifa panya waliobaki watajaza nafasi ndani ya miezi michache, maana wao huzaa kila baada ya wiki chache na bundi anataga kwa msimu. Panya aliyenaswa kwenye mtego unaweza kumfukia bila wasiwasi. Aliyekufa kwa sumu, kama jirani anatumia, mshike kwa mfuko, mzike nusu mita chini, usimtupe uani.

Nyoka naye anafuata panya, na rundo la matofali limempa nyumba. Ondoa rundo. Fanyeni kazi hiyo mchana, mkivaa buti na glavu nene, mkivuta tofali kwa jembe kwanza kabla ya kuingiza mkono, mbwa akiwa amefungwa mbali. Nyasi zikatwe fupi mita mbili kuzunguka nyumba na banda. Kumwaga mafuta ya taa au dizeli kando ya ukuta hakumzuii nyoka kupita. Kunaua udongo wako tu, na paka akikanyaga atayalamba miguuni. Kitunguu saumu nacho hakimzuii.

Kwa mbwa wa Dar tatizo ninaloliona ni swila, anayetema. Mbwa humkaribia akibweka, na sumu inaingia machoni. Osha macho papo hapo kwa maji safi mengi, yatiririke dakika kumi na tano hadi ishirini, mtu mwingine amshike kichwa, kisha mlete, asijikune. Akiwahi, jicho hupona vizuri. Kifutu ni tofauti, yeye hulala kimya kwenye majani na huuma anayemkanyaga. Mbwa aliyeumwa abebwe, asitembezwe. Usichanje, usifunge kamba, usiweke jiwe jeusi. Na nyoka wa kijani kwenye mwembe usijaribu kumtambua wewe. Wengi hawana madhara ila wapo wanaoua, na tofauti yao si ya kuitafuta ukiwa chini ya tawi.

Mimea nayo, kwa haraka. Oleanda, iwe ya pinki au ile ya njano ya kwenye ua, ni sumu ya moyo kuanzia jani hadi mbegu. Mbegu za mnyonyo nazo ni sumu, zing'oe kabla hazijakomaa. Utomvu wa manyara ukiruka jichoni unaunguza, kwa mtu na kwa mnyama. Vile vijinazi vifupi vya mapambo vinavyoitwa saikadi, mbegu zake huua ini la mbwa. Ua la lili la kununua dukani lisiingie kabisa nyumba yenye paka. Hata vumbi lake analolilamba kwenye manyoya linaweza kuua figo. Na mboji yako ifunike. Mabaki yaliyoota ukungu humpa mbwa degedege inayofanana kabisa na ya sumu.

Umesema paka amezaa juzi. Mahali alipowaficha watoto pawe na njia ya kutokea, wasifungiwe kwenye boksi lililozibwa, kwa ajili ya siafu. Mvua zikikolea siafu huhama, na mnyama anayekufa kwa siafu ni yule asiyeweza kukimbia: kifaranga bandani, mtoto wa paka, mbwa aliyefungwa mnyororo. Usiku angalia mara moja kabla ya kulala. Mbwa naye nakuomba afunguliwe ndani ya uzio badala ya kufungwa.

Paka mkubwa atataka kunya kwenye kitalu kwa sababu udongo umelegea. Funika kitalu kwa wavu au matawi ya mlimau yenye miba mpaka miche ishike. Ukiwa mjamzito, kazi ya udongo ule mwachie mtu mwingine. Viroboto vikiwashambulia, usiwapake dawa ya kuogeshea ng'ombe wala dawa ya mbwa. Viambato vyake vingi, pamethrini na amitrazi hasa, paka hawezi kuvihimili. Nimepokea paka wengi waliotetemeka kwa dawa waliyopakwa kwa upendo.

Mwisho, kichaa cha mbwa. Uwanja wenye vyakula unaleta na wageni, nguchiro hasa. Nguchiro au mbwa wa mtaa asiyeogopa watu, anayetembea kama amelewa, usimkaribie na usiruhusu mbwa amkabili. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyohiyo. Mbwa wako achanjwe kila mwaka. Watoto wa paka wakifika miezi mitatu walete wote pamoja na mama yao, kwenye kikapu chenye mfuniko, na uje na kimoja cha vile vidonge vya bundi. Nitapenda kukiona.